Ngamia Niliyemwiba kwa Mdomo

Jumanne, 5 Agosti. Bulla Pesa.

Mkutano wa kwanza wa ziara. Watu wengi, vumbi jingi, na mimi nyuma kabisa kando ya jenereta, nikipiga gitaa la besi ambalo hakuna binadamu amewahi kulisikia. Jenereta ndilo linalosikika. Bendi yetu ya umisheni inaitwa Tarumbeta ya Neema. Hatuna tarumbeta. Tuna Everlyne anayeimba, tuna ngoma, tuna kinanda, tuna mimi. Na tuna Lokol. Ah, Lokol!

Lokol hapigi chombo chochote. Kazi yake ni ushuhuda. Kabla ya mahubiri anasimama, anainua shati kidogo watu waone kovu la risasi, anasema alikuwa mwizi wa mifugo mpaka siku Yesu alipomshika. Basi. Anasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na watu wanalia! Leo muuza mboga mmoja ameanguka chini na kapu lake. Mimi sijawahi kumwangusha hata mtoto.

Baada ya mkutano, kiongozi wetu Mchungaji Kananu ametuita kando ya lori. Jumapili ya tarehe 17 tunafunga ziara hapa Isiolo, na Askofu atakuwepo. Atakayetoa ushuhuda siku hiyo ataandamana na Askofu kwenda kongamano Kigali. Kwa ndege. Kwa NDEGE! Wote wamemgeukia Lokol. Lokol ameangalia viatu vyake. Huo unyenyekevu wake utaniua.

Sijawahi kupanda ndege. Nakitaka kile kiti cha dirishani hata ugali umenishinda.

Jumatano, 6 Agosti. Bado Bulla Pesa.

Tatizo langu ni moja: sina dhambi. Yaani ninazo, lakini za kutangaza kwa spika sina. Baba yangu alikuwa mlinzi wa kanisa. Nimezaliwa nyuma ya kanisa, nimelelewa kanisani, nimekula kanisani. Dhambi yangu kubwa kabisa ni kunywa juisi ya Meza ya Bwana nikiwa darasa la nne. Niliwahi kuitolea ushuhuda hiyo, mwaka juzi. Watu walisimama wakaenda kunywa chai. Nilipogeuka, Mchungaji mwenyewe alikuwa na kikombe.

Asubuhi nimejitolea kumsaidia Doyo kuosha lori. Doyo ni dereva wetu, Mborana, Mwislamu, tumemkodi pamoja na lori lake. Sisi tukihubiri yeye anabaki kwenye kivuli na chupa yake ya chai, hana neno na mtu. Nikamuuliza, kwa mzaha tu, mtu huibaje ngamia. Akaacha kuosha. Akauliza Mturkana wa lami kama mimi, mtu wa mjini, anataka nini na ngamia. Nikasema utafiti.

Basi akanipa mfano. Huko Sericho kulikuwa na ngamia jike mweupe, sikio la kushoto limechanwa mara mbili, shingoni ana kengele ya mbao yenye ufa. Mpole, watoto walikuwa wanampanda. Kiangazi kimoja alitoka kisimani na hakurudi. Wezi walijaza majani ndani ya kengele ili isilie.

Majani ndani ya kengele! Mungu ni mwema! Nimeacha ndoo hapo hapo. Kisa chenyewe lazima ni cha enzi za mababu, visa vya Doyo vyote ni vya mababu. Na Sericho ni mwisho wa dunia. Kesho tunaenda Oldonyiro, upande wa pili kabisa. Nani wa Oldonyiro anajua ngamia wa Sericho?

Alhamisi, 7 Agosti. Oldonyiro.

USHINDI.

Siku ya soko la mifugo. Mbuzi, ng'ombe, wanunuzi wa kila pembe, vumbi hadi kwenye meno. Wimbo wa tatu ulipoanza nilimwambia Lokol kwamba Mchungaji anamtaka alete petroli ya jenereta kutoka mwisho wa soko. Akaenda bila kuuliza swali. Mtu hana shaka hata kidogo, utamwonea huruma. Mchungaji alipotafuta mshuhudiaji alinikuta mimi nimeshaishika maikrofoni.

Nikaanza. Nikasema watu wananiona hivi na tai, lakini mimi nilikuwa mwizi wa ngamia. Nikasikia soko linanyamaza. Hata mbuzi! Nikamtaja yule ngamia mweupe wa Sericho, sikio, kengele, ufa. Nikataja majani. Nikasema nilimswaga peke yangu kutoka Sericho mpaka huku magharibi, na kila hatua dhamiri inanichoma. Nikalia. Machozi yalikuja yenyewe, nilijishangaa. Wazee waliegemea fimbo zao wakanitazama tu, bila kupepesa. Vijana waliinua simu wakanirekodi. Huo ndio uzito wa Roho.

Mchungaji Kananu amenikumbatia. Amesema miaka yote hii alikuwa amekalia hazina bila kujua. Everlyne ameuliza niliiba lini, maana tumesoma pamoja tangu nasari. Nimemwambia ilikuwa likizo.

Lokol amerudi na petroli, amesikia yote. Amenivuta pembeni. Amesema kwa upole kwamba huku kwa wafugaji mtu hakiri wizi wa mifugo hivi hivi kwa spika. Yeye mwenyewe kabla hajashika maikrofoni alienda kwanza kwa wenyewe, boma kwa boma. Wazee wakakaa, akalipa mifugo yote aliyokuwa nayo na ya ndugu zake, wakachinja, wakala pamoja, wakampaka mafuta. Ndipo akaruhusiwa kuongea. Ukikiri kabla ya hapo, amesema, umeita wenye mali.

Wivu! Nimeujua mara moja.

Ijumaa, 8 Agosti. Njiani kurudi Isiolo.

Mimi ni maarufu. Asubuhi vijana watatu kwenye pikipiki wamefuata lori letu hadi barabara kuu, wakanipiga picha, mbele na upande. Nimewapungia mkono. Video yangu imeingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wauza mifugo wa kaunti nzima. Namba nisizozijua zinapiga. Wa kwanza ameuliza kama mimi ndiye Ekitela. Nimesema ndiye. Akasema sawa, akakata. Mashabiki wengine wana aibu.

Mchana Mchungaji amepigiwa simu. Ameshuka kwenye lori akiruka kama msichana. Sericho wanatualika! Sericho, ambako kanisa letu ni chumba cha mabati cha walimu na askari wachache, ambako mwaka jana tuliimbia watu saba! Wanataka bendi kesho kutwa, na wamesisitiza tusikose kuja na yule kijana wa ngamia. Mchungaji anasema ni uamsho. Ratiba yote imebadilishwa.

Nimezima simu.

Doyo hajaniambia kitu tangu jana. Ananiangalia tu kwenye kioo cha lori. Leo amefungua mdomo mara moja, akauliza huyo ngamia nilimchukulia upande gani wa kisima. Nikasema upande wa kushoto. Akatikisa kichwa, akasema kisima kile kiko kwenye mwamba, upande huo haupitiki hata na mbuzi.

Jumamosi, 9 Agosti. Njia ya Sericho.

Nimeamka mgonjwa. Nimejikunja, nimeguna, nimesema wasiende na mimi nisije nikawaambukiza. Mpango mzuri. Lakini nimesahau naishi na watu gani! Wamenizunguka wote, wamenishika kichwa, wamekemea ugonjwa mpaka majirani wakaja. Mchungaji akauliza kama nasikia uponyaji. Ukisema husikii wanaanza upya. Nikasikia.

Kwenye kituo cha Kula Mawe tumepata pancha. Nimejitolea kwenda kutafuta fundi, kwa nia ya kutorudi. Fundi alikuwa ameketi pale pale ng'ambo ya barabara. Baada ya Garba Tula ni mchanga, miiba, na jua. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimehama kutoka mbele ya lori mpaka nyuma, nikarudi mbele, mpaka Everlyne akaniambia nitulie au nishuke nitembee. Nikafikiria kushuka. Nikaona fisi.

Tulipopumzika nimemfuata Doyo. Nimemuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kile kisa cha ngamia mweupe kilikuwa cha karne gani. Akamimina chai. Akasema ni mwaka juzi. Ngamia ni wa shangazi yake Batula, na ni huyo shangazi aliyempigia Mchungaji simu.

Woi! Nimejipalia makaa mwenyewe, na kuni nilizibeba mimi.

Nikamwomba Doyo ageuze lori. Akasema lori limekodiwa na Mchungaji. Nikamwomba basi aseme kwamba ni yeye aliyenipa kisa. Akasema atasema, akiulizwa. Lakini wa kwanza kusema ni mimi, ndiyo adabu.

Jumapili, 10 Agosti. Sericho.

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Miiba bado iko upande wa pili.

Uwanja ulijaa. Mchungaji aliona umati akashika kifua, akasema tazameni mavuno. Hakuna aliyekuja kuvunwa. Walikuja kwa ajili ya ngamia. Salaam aleikum zikapita, habari zikapita, Everlyne akaimba wimbo mmoja, wakasikiliza kwa heshima. Kisha Mzee Jattani, msemaji wao, akasema nyimbo ni nzuri sana, sasa tunaomba yule kijana.

Mama Batula akatokea mbele. Mtu mzima, mtandio wa kijani, fimbo mkononi. Nilitegemea matusi. Akanisalimu. Akauliza safari ilikuwaje, kama tumepata maji njiani. Afadhali angenichapa!

Akasema hataki faini. Hataki nipelekwe kwa askari. Mume wake alipofariki, ngamia huyo ndiye aliyelea nyumba, na binti yake Mulki amesoma kwa maziwa yake. Anataka kujua kitu kimoja tu, ili moyo utulie: walimchinja au yuko hai?

Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi. Nashuhudia, ulikuwa hapo. Kisha nikamwona Mchungaji ananitazama kwa macho ya kung'aa, nikamwona Lokol nyuma yake, na nyuma ya Lokol nikaiona ile ndege. Nikasema yuko hai.

Mama Batula akafunika mdomo kwa mtandio. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaongeza, sijui kwa nini huwa naongeza, kwamba ameshazaa mara tatu.

Kwa miaka miwili! Mzee Jattani alihesabu vidole. Akasema ngamia hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, lakini labda huko magharibi wana haraka. Hata hivyo, amefurahi. Basi kijana atatangulia leo hii, vijana wa hapa watamfuata, mpaka alipo huyo ngamia na watoto wake wote.

Hapo maji yakazidi unga. Nikapiga magoti. Nikasema sikuiba! Sijawahi kuiba hata kuku! Kisa nilikitoa kwa Doyo, mimi ni mpiga besi, ngamia nawaogopa! Doyo akaulizwa, akasema ni kweli kisa ni chake. Wengine wakasema Doyo anamficha abiria wake. Mzee mmoja akasema mwizi akishikwa huwa ghafla hajui kitu. Mchungaji akakaa chini kwenye spika.

Mzee Jattani akasema hakuna haja ya kelele. Aliyemswaga ngamia kutoka Sericho mpaka Oldonyiro peke yake lazima anajua kumlaza chini. Leteni ngamia.

Wakaleta. Nikapewa kamba. Karibu hivyo, ngamia ni mrefu kuliko inavyohitajika. Nikamwambia kwa Kiswahili akae. Nikamwambia kwa Kiturkana. Nikamwambia kwa Kiingereza, labda amesoma. Nikamwamuru kwa jina la Bwana, na nikasikia Mchungaji anaguna. Nikavuta kamba, naye akavuta yake. Kisha akainama, akanifungulia mdomo usoni, akanguruma, na kitu cha kijani kikanijaa kuanzia paji la uso mpaka kwenye tai. Nikatupa kamba. Nikakimbia. Mbele yangu kulikuwa na ua wa miiba wa mtu na sikuuona.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna hiyo. Walikalia mchanga. Askari wa kanisani alishikilia ukuta. Mzee Jattani alipangusa macho, akatoa hukumu: huyu hakuiba ngamia. Huyu akiiba mbuzi, mbuzi ndiye atakayemrudisha nyumbani. Nimeachiliwa. Tukapewa wali na nyama, nikaambiwa nisipotee.

Mama Batula alicheka pamoja na wote. Kisha akakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji, akaacha kucheka. Akamwambia Doyo maneno kwa Kiborana, Doyo akanitafsiria bila kunitazama. Alisema tangu Alhamisi alikuwa na mahali pa kumwaza ngamia wake. Alimwaza Oldonyiro, kwenye nyasi, amenenepa. Sasa hajui tena.

Niliumia. Naandika kama ilivyo, niliumia sana. Nyama nilikula kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti. Njiani kurudi.

Mchungaji Kananu amengoja mpaka Garba Tula. Hapo amenunua chai, ameshusha kikombe, amesema yote kwa pamoja. Amesema nimemdhalilisha Mungu, nimemdhalilisha yeye, na kubwa kuliko yote nimechezea uchungu wa mjane. Maikrofoni nisiiguse. Nisiisogelee! Mpaka nimwombe Mama Batula msamaha mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikajitetea kwamba tayari tumeondoka. Doyo akanipa namba ya simu.

Halafu Lokol amefanya kioja. Amesema ile mbinu ya majani ndani ya kengele anaijua, si wengi walioitumia, na anawajua waliokuwa wanauza mifugo iliyoibwa hivyo. Kwa hiyo yeye hatakuwepo Jumapili. Tukifika Isiolo ataenda na Doyo kuulizia boma kwa boma, mpaka huko magharibi. Mchungaji akamkumbusha kuhusu Askofu. Akamkumbusha Kigali. Lokol akasema Kigali haitahama.

Mjinga huyu! Ndege inamngoja, naye anaenda kutafuta kwato! Nimemwambia ni wazo zuri sana, aende haraka.

Alhamisi, 14 Agosti. Isiolo.

Nimempigia Mama Batula. Yaani nimebonyeza namba, nikasikia inaita, nikakata. Mtu anaanzia wapi? Shikamoo mama, mimi ni yule wa matapishi ya kijani? Nimejaribu tena baada ya chai. Akapokea, nikasikia anasema salaam aleikum, nyuma yake mbuzi wanalia. Akasema tena. Nikakata.

Nimezunguka kanisa. Nimefunga nyaya za spika, nimezifungua, nimezifunga. Everlyne amesema kama nimemaliza kusafisha nyaya, dhamiri nayo iko hapo imejaa vumbi. Huyo msichana apunguziwe muda wa kuongea.

Jumamosi, 16 Agosti. Isiolo.

Mambo yamenyooka, kwa uwezo wa Mungu na wangu.

Asubuhi Mchungaji ameniuliza kama nilimpigia mjane. Nimesema nilimpigia mara mbili, na huo ni ukweli mtupu. Akauliza alisemaje. Nikasema alitaja amani. Salaam ni nini kama si amani? Akauliza kama amenisamehe. Alikuwa na hamu sana ya kusikia hivyo, ningemnyimaje? Nikasema amenisamehe, akalia, akaniombea heri. Mchungaji naye akalia. Akasema huu sasa ndio ushuhuda: mwongo aliyeokoka kutoka kwenye uongo wake. Kesho, mbele ya Askofu, dakika kumi ni zangu!

Hatimaye nina dhambi! Tena ya kweli, yenye mashahidi! Nimeandika kurasa nne. Ngamia mmoja nimeona ni kidogo kwa watu wa mjini, nimeweka ishirini. Ule ua wa miiba nimeubadilisha ukawa simba. Everlyne amesoma, amerudisha karatasi kwa vidole viwili. Ameguswa.

Mchana Doyo amepiga simu, nikajua anakuja kuniharibia, sikupokea. Akatuma ujumbe. Nimeusoma mara mbili nimesimama, kisha nikakaa. Wamempata! Lokol amemfuata kutoka mtu hadi mtu mpaka kwenye boma moja mbali huko, kwa mzee aliyemnunua sokoni bila kujua. Mweupe, sikio lilelile, kengele hana. Amezaa, jike moja. Mzee amekubali kumrudisha. Wanamleta Isiolo kwa lori, na Mama Batula ameshaondoka Sericho kuja kumpokea kesho.

Nimeruka. Haki ya Mungu nimefurahi, hata machozi yamenitoka bila mpango. Na nilisema yuko hai! Nilisema amezaa! Nani alinisikiliza? Nilikosea watoto wawili tu.

Jioni yote nimekuwa nikiandika upya. Simba nimemtoa, hahitajiki tena. Sasa nitasema aliyempata ni mimi. Nimemwekea Mama Batula kiti safu ya mbele, ili Askofu amwone vizuri akinishukuru.